Resolusheni iache ilivyo, badilisha ukuzaji

Skrini ya laptopu huzaliwa na idadi yake ya pikseli, zile nukta ndogo za rangi zinazounda picha, na hufa nayo. Ile ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600 zilizopangwa kama vigae sakafuni, na hakuna mpangilio wowote ndani ya kompyuta unaoweza kuongeza kigae kimoja au kukiondoa. Ukiishusha resolusheni, yaani idadi ya pikseli inayoambiwa ionyeshe, hadi 1600 kwa 900, vigae vinabaki vilevile. Kinachobadilika ni kwamba pikseli moja ya picha sasa inatakiwa kutandazwa juu ya vigae 1.2, na kigae hakikatwi. Mashine haina njia ila kuchanganya rangi za majirani: mguu wa herufi "l" uliokuwa mweusi tii unakuwa mweusi upande mmoja na kijivu upande wa pili. Maandishi yote yanaonekana kama mtu amepumulia kioo.

Ndiyo maana inauma kuona laptopu yenye kioo kizuri imeshushwa resolusheni kwa sababu tu mwenyewe alitaka herufi kubwa. Kutaka herufi kubwa ni haki yake kabisa. Ila amefungua mlango usio wake. Mlango wenyewe ni ukuzaji, yaani ile asilimia ya 100, 125, 150 na kuendelea. Ukuzaji hauvuti picha iliyokwisha kuchorwa. Unaiambia programu kabla haijachora: herufi hii usiichore kwa pikseli 16, ichore kwa 24. Herufi za kompyuta zimehifadhiwa kama mikunjo ya kihesabu, si kama picha, kwa hiyo inachorwa upya kwa ukubwa mpya ikiwa kali kama mwanzo. Tena inapata pikseli nyingi zaidi za kuonyesha umbo lake, hivyo inapendeza kuliko ilivyokuwa ndogo.

Kinachowachanganya watu wengi ni majina. Kwenye Windows mambo haya mawili yana sehemu mbili tofauti, moja ya resolusheni na moja ya ukuzaji. Kwenye Mac yamefichwa pamoja: unachagua "inaonekana kama 1440 kwa 900", namba zinazofanana kabisa na resolusheni, kumbe ni ukuzaji. Kioo chenyewe kinaendelea kutumia pikseli zake zote. Kwa hiyo mtu aliyezoea Mac akihamia Windows anatafuta 1440 kwa 900 kwenye orodha ya resolusheni, anaipata, anaibofya, na macho yake yanaanza kulalamika siku hiyohiyo.

Anza na rula

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, pima vitu viwili. Kaa kama unavyokaa ukifanya kazi, si kama unavyojua inafaa kukaa, kisha mtu akupimie kutoka kwenye jicho lako hadi kwenye kioo. Kwa laptopu iliyo mezani mara nyingi ni sentimita 50 hadi 60. Geuza kuwa milimita, gawa kwa 200. Ukiwa umbali wa sentimita 50 unapata milimita 2.5, ukiwa 60 unapata 3. Huo ndio urefu ambao herufi kubwa H inapaswa kuwa nao katika maandishi unayoyasoma kutwa. Kugawa kwa 200 kunakupa herufi inayoonekana kwa kimo cha dakika 17 za pembe hivi (dakika ya pembe ni sehemu moja ya 60 ya digrii), juu kidogo ya dakika 16 ambazo viwango vya kimataifa vya ISO vya mfululizo wa 9241 vinazitaja kuwa za chini kabisa. Vyenyewe vinapendelea 20 hadi 22, kwa hiyo ukiona hata hiyo milimita 2.5 haitoshi, hujakosea.

Kupima H moja kwa jicho ni kazi ngumu kwa sababu ni ndogo. Shikilia rula ya plastiki karibu na kioo bila kukibonyeza, piga picha kwa simu kwa karibu, halafu ivute picha hiyo. Alama za milimita na herufi zitakuwa pembeni kwa pembeni na utasoma bila kubahatisha.

Aliyevuka miaka 40 na kitu mara nyingi hujikuta anasogeza laptopu mbali, sentimita 65 au 70, kwa sababu jicho halishiki tena vizuri karibu. Hapo hesabu inadai milimita 3.3 hadi 3.5. Ukuzaji wa kijana wa meza ya pili haumfai hata kama laptopu zao ni pacha.

Kipimo cha pili ni msongamano wa pikseli, yaani pikseli ngapi zimo ndani ya inchi moja. Chukua upana kwa pikseli uuzidishe kwa wenyewe, urefu vilevile, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa kwa inchi za kioo kutoka kona hadi kona. Skrini ya 1366 kwa 768 ya inchi 15.6 inatoa 100. Ya 1920 kwa 1080 inatoa 141 ikiwa ya inchi 15.6, 157 ikiwa ya 14, na 166 ikiwa ya 13.3. Ya 2560 kwa 1600 yenye inchi 16 inatoa 189, na yenye 14 inatoa 216. Ya 3840 kwa 2160 ya inchi 15.6 inafika 282.

Sasa gawa msongamano huo kwa ukuzaji. Inchi 14 yenye 157 kwa ukuzaji wa asilimia 125 ni 126. Kwa 150 ni 105. Namba hii ya mwisho, tuiite msongamano wa kuonekana, ndiyo inayosema maandishi yatakuwa na ukubwa gani mbele ya macho, na ndiyo unayopaswa kuilinganisha kati ya laptopu moja na nyingine. Herufi kubwa katika fonti nyingi za skrini huchukua kama asilimia 70 ya ukubwa wa fonti. Kwa hiyo maandishi ya pikseli 16, ambayo ndiyo ukubwa wa kawaida wa vivinjari, yana H ya milimita 1.8 kwenye laptopu ile ya inchi 14 ikiwa kwenye 100, milimita 2.3 ikiwa kwenye 125, na 2.7 ikiwa kwenye 150. Aliye umbali wa sentimita 50 anatosheka na 150. Kwenye 100 anasoma, lakini shingo inaanza kwenda mbele kidogo kidogo bila yeye kujua.

Inafaa kutazama Apple walivyofanya, maana wao huchagua kwa niaba ya mteja na wakaacha alama. Laptopu zao za kwanza za Retina, jina lao la vioo vyenye pikseli zilizosongamana sana, mwaka 2012, zilikuja zikiwa zimekuzwa mara mbili kamili: inchi 15 yenye pikseli 220 kwa inchi ikionekana kama 110, na inchi 13 yenye 227 ikionekana kama 113. Mwaka 2016 wakabadilisha chaguo la kiwandani, inchi 13 ikaanza kuonekana kama 1440 kwa 900 na inchi 15 kama 1680 kwa 1050. Zote mbili zinaangukia karibu na 128. Mwaka 2021 walipotoa za inchi 14 na 16 zenye msongamano wa 254, wakarudi kwenye mara mbili kamili, na 254 gawa kwa 2 ni 127. Kwa maneno mengine hawakubadilisha ukubwa wa maandishi; walibadilisha kioo ili ukubwa ule upatikane bila sehemu, yaani bila kukuza kwa namba isiyo kamili. Kwa macho mazuri na umbali mfupi 127 inavumilika. Kwa mtu anayesoma saa nane kwa siku, 105 hadi 115 ina huruma zaidi, na sioni aibu yoyote kushuka hadi 95.

Kwa nini 125 inaleta shida ambayo 200 haileti

Fungua lahajedwali yoyote, punguza kimo cha kila safu ya mlalo hadi pikseli 17, utazame mistari inayozitenganisha. Ukuzaji ukiwa 125, kila safu inatakiwa kuwa na pikseli 21.25. Mstari wa kwanza unaanguka kwenye 21.25, ambayo inakuwa 21. Wa pili kwenye 42.5, inayoruka hadi 43. Wa tatu 63.75, yaani 64. Wa nne 85 kamili. Nafasi kati yake zimekuwa 21, 22, 21, 21. Safu moja katika kila nne imenenepa kwa pikseli moja. Mistari yenyewe nayo: unene wa pikseli 1 umekuwa 1.25, na programu inachagua kati ya kuuacha 1 au kuusambaza kwenye pikseli mbili ukawa wa kijivu. Ukiwa 200 hakuna la kuamua, 17 inakuwa 34 na 1 inakuwa 2.

Je, jicho linaona? Hapo ndipo msongamano unaporudi. Jicho lenye afya linatenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika moja ya pembe, ambayo kwa umbali wa sentimita 50 ni milimita 0.145, sawa na pikseli 175 kwa inchi. Kwenye skrini yenye 141, pikseli ina milimita 0.18: kosa la pikseli moja unaliona, hasa kwenye mistari na ikoni ndogo. Kwenye 282 ni milimita 0.09, na kosa lilelile halionekani bila lenzi. Kwa hiyo mimi huhukumu hivi. Chini ya 175, uwe mchaguzi wa sehemu: jaribu 150 kabla ya 125, kwa sababu nusu huangukia namba kamili mara nyingi zaidi kuliko robo, na kama 150 inakunyima nafasi ndipo urudi 125. Juu ya 220, chagua asilimia yoyote inayokupa herufi za milimita ulizopima na usahau habari za sehemu.

Kuna mpaka mwingine, wa chini, ambao watu hugongana nao bila kuelewa. Ukuzaji unakula nafasi. Skrini ya 1920 kwa 1080 kwa 125 inabaki na nafasi ya 1536 kwa 864, na kwa 150 inabaki 1280 kwa 720. Ile ya 1366 kwa 768 kwa 125 inabaki 1093 kwa 614, na hapo visanduku vya programu za zamani vinazidi urefu wa skrini: kitufe cha kukubali kimezama chini ya ukingo na huwezi kukifikia kwa kipanya. Dawa ya papo kwa papo ni kubonyeza Tab mpaka ufike kisha Enter. Lakini kwa skrini hiyo ni afadhali ukuzaji ubaki 100, ukaongeza ukubwa wa maandishi peke yake na kukuza kurasa ndani ya kivinjari.

Windows

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, ingia System, kisha Display. Kwenye "Display resolution" hakikisha imechaguliwa ile yenye neno "Recommended". Hiyo ndiyo ya asili ya kioo chako. Halafu "Scale", na hapo ndipo uchague. Ukibadilisha resolusheni kwa bahati mbaya na skrini ikawa nyeusi, ondoa mikono. Windows inasubiri sekunde 15 ukubali, usipokubali inarudisha ilivyokuwa.

Baada ya kubadilisha ukuzaji, programu zilizokuwa wazi zinaweza kuonekana zina ukungu au menyu zake kubwa kupita kiasi. Usihukumu asilimia mpya kabla hujatoka kwenye akaunti na kuingia tena. Watu wengi huikataa 150 katika dakika ya kwanza kwa kosa ambalo si lake.

Ipo pia sehemu ya kuandika asilimia yako mwenyewe, kuanzia 100 hadi 500. Inakulazimisha utoke kwenye akaunti, inashika skrini zote ulizounganisha kwa pamoja, na ukiandika kitu kama 135 unapata sehemu zisizofika namba kamili karibu popote. Ningeiacha. Kama 125 inapendeza kwa mpangilio wa madirisha ila maneno bado madogo, nenda Accessibility, kisha "Text size", uongeze maandishi peke yake; inaenda hadi 225. Ongeza polepole, kwa mfano hadi 110 au 115, kwa sababu baadhi ya vitufe havipanuki pamoja na maneno yaliyo ndani yake na utaona maneno yamekatwa mwishoni.

Halafu kuna programu moja, mara nyingi ile ya kazi ambayo huwezi kuiacha, inayobaki na ukungu wakati kila kitu kingine ni kikali. Sababu ni kwamba iliandikwa ikiamini kila skrini duniani ina pikseli 96 kwa inchi. Windows inaiacha ichore kwa 96, kisha inavuta picha yake kama mpira hadi ukubwa unaotakiwa. Bofya ikoni yake kwa kitufe cha kulia, Properties, kichupo cha Compatibility, "Change high DPI settings", weka alama kwenye kisanduku cha chini chenye neno "Override", kisha chagua moja kati ya tatu. "Application" inaiachia programu ijichoree yenyewe: maandishi makali lakini madogo mno ikiwa programu haijui kukuza. "System" ni ule mvuto wa mpira: ukubwa sahihi, ukungu palepale. "System Enhanced" inafanya Windows ichore upya maneno ya programu za zamani kwa ukubwa mpya na kuzivuta picha tu. Anza na hii ya tatu. Zikiwa ni programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java, kumbuka kwamba Java 8 haikujua ukuzaji kwenye Windows na Java 9 ya mwaka 2017 ndiyo iliyoleta, kwa hiyo wakati mwingine dawa si mpangilio bali ni toleo jipya la Java.

Mwisho kwa upande huu, andika cttune kwenye sehemu ya kutafuta uendeshe kirekebishi cha ClearType. Kila pikseli ya kioo ina vipande vitatu, chekundu, kijani na bluu, na ClearType hutumia kimoja kimoja kunyoosha kingo za herufi. Inafanya kazi ikiwa tu resolusheni ni ya asili. Kwenye resolusheni nyingine vipande hivyo vinaangukia pasipo pake na herufi zinapata kivuli cha rangi pembeni, sababu nyingine ya kutoigusa resolusheni.

Mac

Ingia System Settings, kisha Displays. Utaona visanduku kadhaa vilivyopangwa kutoka maandishi makubwa hadi nafasi kubwa. Ukitaka namba kamili, fungua "Advanced" uwashe chaguo la kuonyesha resolusheni kama orodha. Kwenye orodha hiyo kaa mbali na yoyote iliyoandikwa "low resolution". Hizo ndizo zinazochora picha hafifu na kuivuta.

Mac inakuza kwa njia yake. Haichori moja kwa moja kwa asilimia 112 au 133. Inachora kila kitu mara mbili kamili ya ukubwa uliochagua kwenye kumbukumbu, halafu inaipunguza picha nzima ili ienee kwenye kioo. Chukua kioo cha 2560 kwa 1600. Ukichagua 1280 kwa 800, inachora 2560 kwa 1600 na kila pikseli inapata kigae chake. Ukichagua 1440 kwa 900, inachora 2880 kwa 1800 na kila pikseli 9 zinabanwa kuingia kwenye 8. Ukichagua 1680 kwa 1050, inachora 3360 kwa 2100, yaani pikseli milioni 7.06 kwa ajili ya kioo chenye milioni 4.1.

Unaweza kulithibitisha hilo sasa hivi: bonyeza Command, Shift na 3, kisha tazama vipimo vya faili la picha ya skrini. Vitakuwa vya ile picha kubwa ya kumbukumbu, si vya kioo.

Kwa kusoma na kuandika, ubanaji huu unapita bila kuonekana kwa sababu msongamano uko juu ya 220 na kubana ni salama kuliko kuvuta. Unaonekana ukitengeneza picha yenye mistari myeusi na myeupe ya pikseli moja moja na kuionyesha pikseli kwa pikseli: badala ya kijivu kilichotulia unaona mikanda inayojirudia. Anayekagua ukali wa picha za kamera au anayechora ikoni anapaswa kuwa kwenye mara mbili kamili wakati wa ukaguzi, 1280 kwa 800 kwa kioo hicho, kisha arudi kwenye nafasi yake ya kazi. Kwenye laptopu za inchi 14 na 16 za kuanzia 2021, chaguo la kiwandani, 1512 kwa 982 na 1728 kwa 1117, tayari ni mara mbili kamili, kwa hiyo hakuna la kufanya. Ile MacBook Air yenye chipu ya M2 na kioo cha 2560 kwa 1664 huja ikiwa 1470 kwa 956, ambayo si kamili. Kamili yake ni 1280 kwa 832.

Gharama ya kuchora zaidi ipo, ila ukubwa wake unategemea chipu. Kwenye chipu za M za Apple wenyewe haisikiki. Kwenye laptopu za Retina za miaka ya mwanzo zenye chipu ya michoro ya Intel, chaguo la nafasi kubwa kabisa linaweza kufanya kurasa nzito zisiteleze vizuri zinapopandishwa na kushushwa. Kama unayo moja ya hizo na kurasa zinakwama, jaribu hatua moja chini kabla ya kuilaumu mashine.

Linux

Hapa ndipo ushauri wa sehemu unapokuwa mkali zaidi, kwa sababu matokeo yanategemea programu imechorwa kupitia Wayland au kupitia X11 ya zamani, mifumo miwili inayopeleka madirisha kwenye skrini. Kwenye GNOME, moja ya sura za mezani za Linux, ingia Settings, Displays, Scale. Kwa matoleo yanayoonyesha 100 na 200 tu, sehemu huwashwa kwa amri hii kwenye terminali, kisha unatoka kwenye akaunti na kuingia tena:

gsettings set org.gnome.mutter experimental-features "['scale-monitor-framebuffer']"

Amri hiyo inafuta majaribio mengine uliyokuwa umeyawasha hapo, kwa hiyo tazama kwanza kwa kutumia get badala ya set.

Ukishachagua 125 au 150, programu za Wayland zitakuwa nzuri na baadhi ya nyingine zitakuwa na ukungu mzito. Hizo za ukungu ni za X11: zinachorwa kwa 100 kisha zinavutwa. Namna ya kuzitambua ni kuendesha xeyes, programu ndogo inayochora macho mawili. Yale macho yanafuata kipanya pale tu kinapopita juu ya dirisha la X11. Yakiganda ujue dirisha ni la Wayland. Programu nyingi zilizojengwa juu ya Chromium, msingi wa kivinjari cha Chrome, zinahamia Wayland ukiziwasha na --ozone-platform=wayland. Kwenye KDE Plasma, sura nyingine ya mezani, kuna chaguo ndani ya mipangilio ya skrini linaloamua kama programu za X11 zijikuze zenyewe au zikuzwe na mfumo; achia zijikuze, utapata maandishi makali kwa zile zinazojua na madogo kwa zile zisizojua.

Kwa skrini za 141 hadi 166 kwenye GNOME, ninachokipenda ni kuepuka sehemu kabisa. Acha Scale kwenye 100, kisha:

gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.25

Mistari, ikoni na kingo za madirisha vinabaki kwenye pikseli kamili, maneno yanakua kwa robo, na programu za X11 hazivutwi. Ikoni zitakuwa ndogo kidogo. Maandishi, ambayo ndiyo yanayochosha macho, yatakuwa makali.

Unapounganisha skrini nyingine

Ukuzaji huwekwa kwa kila skrini peke yake, na inafaa ulinganishe ule msongamano wa kuonekana, si asilimia. Laptopu ya inchi 14 yenye 157 kwa 150 ni 105. Skrini ya mezani ya inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 ina 109 ikiwa kwenye 100. Dirisha likihamishwa kutoka moja hadi nyingine linabaki karibu na ukubwa uleule, ingawa asilimia zimeachana sana. Kwenye Windows, programu zinazosoma ukuzaji mara moja tu zinapoanza zitapata ukungu kwenye skrini ya pili. Ifanye skrini unayoitumia zaidi kuwa kuu, toka kwenye akaunti, ingia tena ukiwa tayari umeunganisha waya.

Projekta ni mtego wa aina yake. Ukiwa umechagua skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja, mfumo unatafuta resolusheni ambayo zote zinaikubali, na mara nyingi kioo cha laptopu ndicho kinachoshushwa. Chagua "Extend" badala ya "Duplicate" kwa kubonyeza kitufe cha Windows na P, na kioo chako hakitaguswa. Kama ni lazima kurudufu, ukishachomoa waya rudi Display uhakikishe kwamba "Recommended" bado ndiyo iliyochaguliwa.